Gia ya Pili, Mteremko wa Ngomo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa usukani. Mkuu wa magari wa kampuni ya biashara iliyoniajiri hapa Bukavu, tuliyemwita Chef Charroi, alinikalisha pembeni yake, tukashuka Ngomo na lori la saruji kuelekea Kamanyola. Kipande cha mwisho alikishuka kwa breki tupu, makusudi. Tulipofika chini akaniambia niguse chuma cha gurudumu. Niliungua vidole.

"Umeona? Frein ikipata moto haishike tena. Vitesse ile unapandia, njo ile unashukia."

Vijana wangu wa usukani, siku hizi mnapenda kusahau hilo: gia unayopandia ndiyo ya kushukia. Gia ndogo huifanya injini yenyewe izuie gari, na breki hubaki baridi ikingoja dharura. Tena kwenye kona mzigo haufuati usukani. Unataka kwenda moja kwa moja, na pale Ngomo moja kwa moja ni korongoni.

Vita vilipofika mjini nilipakia kwenye lori majirani zetu wa mtaa wa Muhumba, na kwenye kabini nikamweka mke wangu, Mama Solange, na binti yetu Solange. Tulipoanza kushuka, risasi zilisikika nyuma. Niliweka gia ya pili, deuxième. Watu wakaanza kugonga bati la kabini.

"Papa Solange, kimbiza! Beko nyuma yetu!" Mama Solange akapiga kelele.

"Hapana."

"Unataka mutoto akufe?" Akanivuta mkono.

 Sikujua kama nilikuwa ninawaokoa au ninawaua wote kwa ukaidi wangu. Mara mbili mkono ulikwenda kutafuta gia ya tatu, troisième, nikaurudisha.

Tukakata kona, na mbele yetu barabara imejaa watu wanaokimbia kwa miguu, magodoro vichwani, na bikizee mmoja ameketi katikati kabisa, amechoka. Nikakanyaga breki. Ilikuwa baridi, ikashika. Lori lilisimama mahali ambapo bikizee angenyoosha mkono akaligusa.

Mama Solange aliniachia mkono. Tulimpakia bikizee na wengine tuliowaweza, tukaendelea kwa gia ileile. Hadi Kamanyola alimpakata binti yetu, uso ameugeuzia dirishani.

Miaka ilipita kabla hajaniambia, "Siku ile niliona hautupende." Iliniuma sana.

Sasa nimestaafu. Anayetushusha Ngomo ni mume wa Solange, kijana mwenye haraka zake. Kabla ya kona ya kwanza, Mama Solange huinama kutoka kiti cha nyuma.

"Mukwe, uko mu vitesse ngapi?"

"Troisième, maman."

"Rudisha deuxième."