Nyumba Iliyopiga Kura

Nimeolewa na mwalimu wa uraia, na kama hujawahi kuishi na mwalimu wa uraia, tafadhali usiniambie nivumilie. Wenzangu wameolewa na walevi, wengine na wanaume wanaopotea wiki nzima kisha wakarudi na hadithi. Wangu hanywi, hapigi, hapotei, na mshahara wake unafika nyumbani. Ugonjwa wake ni haki. Anaipenda haki kama wanaume wengine wanavyopenda mpira, na anataka nyumba nzima ishangilie timu yake.

Anafundisha sekondari iliyo nyuma ya soko, madirisha hayana vioo na wanafunzi wanakaa watatu dawati moja. Humo anawafundisha usawa, utawala wa sheria, haki za binadamu, na kwa hilo siwezi kumcheka. Wanafunzi wanampenda. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata muuza mkaa, hata mimi mkewe. Ila walimu wenzake jioni huiacha kazi shuleni wakaja nyumbani kupumzika. Yeye hurudi nayo na kutuwekea mezani pamoja na chakula.

Chakula chenyewe ndicho kilichoanza kupata taabu. Siku moja alifunika bakuli la nyama kwa kiganja, akasema kabla ya kupakua kila mmoja atunge sheria ya kugawana, lakini ajifanye hajui yeye ni nani humu ndani. Huenda ukawa Mama, akasema, huenda ukawa mdogo kabisa, yule asiye na meno ya mbele. Watu wenye akili nyingi wameliwaza sana jambo hili: sheria ya haki ni ile ambayo ungeikubali kabla hujajua utakuwa nani. Kifunguamimba wetu, kijana wa miaka kumi na minne ambaye tunamwita Wakili kwa sababu anabisha hata salamu, alisema minofu mikubwa apewe mkubwa, maana huenda yeye akatokea kuwa mkubwa. Anayemfuata, Redio, msichana asiyezimika tangu alfajiri, alizungumza mpaka mchuzi ukaganda. Kitindamimba, Pilipili, ana miaka sita, alisema yeye anajua kwamba yeye ni Pilipili na anataka nyama. Nikachukua upawa nikapakua. Mwalimu akasema nimepindua serikali.

Halafu ikaja habari ya maji. Bomba letu liko nje, karibu na geti. Zamani nilikuwa nasema wewe kalete maji, mtu analeta maji, maisha yanaendelea. Mwalimu akasema kazi lazima ziwe sawa: kila mtoto ndoo moja, ukubwa mmoja. Pilipili akaiburuta ndoo yake kutoka getini, ikafika na maji ya kunawia uso, mwenyewe ameloa mpaka magotini. Mwalimu si mtu wa kukataa kosa. Alikiri mbele yetu sote kwamba kuwabebesha wasiolingana mzigo unaolingana hakuwezi kuitwa usawa, akatunga sheria mpya: kila mtu abebe kadiri ya nguvu zake. Ghafla nyumba nzima ikawa dhaifu. Wakili akashikwa na mgongo. Redio akapata kifua, akatueleza kifua hicho kwa kirefu. Maji nikateka mimi, huku Mwalimu amekaa kizingitini anawaza sheria ya tatu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sheria ya tatu ikawa baraza. Kila Jumamosi baada ya chakula, kila mtu kura moja, mkubwa kwa mdogo, na wengi wape. Mwanzoni tulinyoosha mikono, lakini Redio akalalamika kwamba Wakili anamfinya chini ya meza, basi ikaletwa kura ya siri: buli kuukuu lililovunjika mdomo, punje ya haragwe kwa ndiyo, punje ya hindi kwa hapana. Kwa buli hilo sebule yetu ilipakwa rangi ya kijani kama zahanati, na mimi nilitaka rangi ya maziwa. Kwa buli hilo uji wa asubuhi uliponea chupuchupu kufutwa.

Mama mkwe alikuja kututembelea. Jumamosi akakaa mezani na wenzake, buli lilipomfikia akanyoosha mkono achukue haragwe. Mwalimu akamweleza, kwa adabu zote alizolelewa nazo, kwamba mgeni hana kura.

"Nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekufuta kamasi," mama mkwe akamwambia. "Leo unaniambia sina kura kwa mwanangu?"

Mwalimu akasema kinachoangaliwa ni makazi, damu haiangaliwi. Kesho yake bibi wa watu aliondoka kabla ya chai. Mwanawe alimsindikiza mpaka kituoni amembebea mkoba, akarudi na huzuni ya kweli, hakula mchana, na bado alikuwa na hakika kwamba yeye ndiye mwenye haki. Hapo ndipo anaponimaliza. Angekuwa mnafiki ningepumua. Lakini sheria zake zinamuuma yeye mwenyewe kwanza, sasa utamwambia nini?

Mimi ni mhudumu wa wodi ya wazazi. Nafua mashuka, napiga deki, nabeba mabeseni, na uchungu ukikolea mama akakosa wa kumshika mkono, namshika mimi, maana wauguzi ni wawili na vitanda vimejaa. Nimefanya hivyo tangu kabla Pilipili hajazaliwa. Matroni wetu, mama mkali asiyesifu mtu, aliniambia siku moja kwamba nimezeeka na ndoo bure, mimi ni mkunga niliyekosa shule tu. Akanipigania. Nafasi ikapatikana: chuo cha ukunga, mji mwingine, miaka miwili, hospitali inalipa. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa kwisha, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine, na kwa umri wangu haitarudi. Siku ile nilitembea njia nzima nikicheka peke yangu.

Mwalimu alifurahi kuliko mimi. Aliniinua juu, na mgongo wake ule mbovu. Akasema atapika, atafua, atajifunza kusuka nywele za wasichana. Kisha akaniweka chini, na nikauona uso wake unabadilika, unakuwa uso wa Jumamosi.

"Ila jambo hili linamgusa kila mtu humu ndani," akasema. "Lazima lipite barazani."

Hapo hapo nilipaswa kukataa. Badala yake nikapiga hesabu kichwani: mimi moja, yeye mbili, nahitaji mtoto mmoja tu katika watatu, na wote watatu nimewanyonyesha mimi. Nikasema sawa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Hakungoja Jumamosi. Aliita baraza la dharura jioni ile ile, akaeleza hoja vizuri, akaeleza ukunga ni nini na kwa nini mama zao wadogo na shangazi zao wanauhitaji. Buli likazunguka. Akalimwaga juu ya sinia. Maharage mawili, mahindi matatu.

Hakuna aliyeinua uso. Wakili alianza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunjo. Redio, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alinyamaza. Pilipili alikuwa amenishika upindo wa kanga chini ya meza, ameukamata kwa ngumi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaenda jikoni. Mwalimu akanifuata, macho mekundu.

"Mimi nilikupigia," akasema. "Nimemshawishi Wakili mpaka sauti imenikauka. Lakini wananchi wameamua."

"Wananchi gani? Huyu anayelala na kidole mdomoni?"

Akanijibu kwa upole kwamba aliyekubali kura amekubali na matokeo, kwamba kuheshimu kura siku ya kushinda tu ni uhuni. Nilikuwa nimeshika mwiko, na nilitamani kuutumia. Angekuwa mume wa kawaida akanikataza, ningejua pa kuanzia. Kaka zangu wangekuja, wazee wangekaa, mtu angelaumiwa. Huyu nimshtaki wapi? Nikifika kwa wazee niseme nini, kwamba mume wangu amenipigia kura?

Siku zilizofuata nilipika bila kusema neno. Kazini nilifua mashuka kwa hasira mpaka mikono ikachubuka. Alhamisi matroni akaniuliza kama ninakuja kutia saini au nimelogwa. Nikamwambia nyumbani wamepiga kura. Akaniangalia juu ya miwani.

"Kura ya nini?"

"Yangu mimi," nikasema. "Kama niende au nisiende."

Aliendelea kuniangalia, na nikawa nayasikia maneno yangu yamebaki pale chumbani kama nguo chafu ambayo hakuna anayetaka kuiokota. Mwanamke mzima, nimezaa mara tatu, nimepokea vitoto vya watu mikononi mwangu muuguzi akichelewa, na nimezuiwa na punje za mahindi. Niliona aibu, halafu nikakasirika upya.

Jioni ya Alhamisi hiyo tulikaa mezani kama watu waliofiwa. Mwalimu, katika kutafuta amani, akaanza kuwaeleza watoto kwamba Mama ana uchungu lakini anaheshimu uamuzi wao, na kwamba hivyo ndivyo watu wastaarabu wanavyoishi. Mimi nilitazama sahani. Pilipili alikuwa anasukumasukuma chakula chake kwa kijiko.

"Baba," akasema, "tukipiga kura mimi nikakae kwa bibi, nitaenda?"

Mwalimu alifungua mdomo amjibu haraka, kama anavyojibu maswali yote ya namna hii. Hakuwahi. Wakili na Redio walishanyoosha mikono juu, wanacheka. Ulikuwa utani tu, watoto ni watoto, hata mimi nilikaribia kucheka. Lakini Pilipili aliitazama ile mikono miwili, midomo yake ikahesabu kimyakimya, kisha akamgeukia baba yake kuona kama wake nao utapanda. Hakulia. Alikaa amenyooka kwenye kiti, anasubiri kusikia kama bado anakaa hapa.

"Shusheni mikono," Mwalimu akasema. Sijawahi kumsikia na sauti ile. Alisukuma kiti, akamwinua mtoto, akampakata. "Hilo halipigiwi kura. Maisha yako si mali ya baraza."

"Hata wakiwa wengi?"

"Hata wakiwa wote, na mtaa mzima uwasaidie."

Pilipili akaegemea kifua chake akaanza kulia sasa, kile kilio kinachokuja hatari ikishapita. Mwalimu akawa anampapasa mgongo, anarudia, haiwezekani, mwanangu, haiwezekani. Nikaweka kijiko chini.

"Na mimi je, Mwalimu?"

Aliniangalia juu ya kichwa cha mtoto. Mtu huyu ana jibu la kila kitu, alikuwa na jibu hata kwa mama yake mzazi. Safari hii mkono uliokuwa unapapasa ulisimama. Watoto wakubwa walitutazama kwa zamu, mmoja halafu mwingine. Nilingoja, na wala sikumsaidia, maana miaka yote hii mimi ndiye ninayemsaidia.

"Na wewe," akasema mwishowe. "Sikupaswa kuwauliza."

Ijumaa asubuhi, kabla sijashika ufagio, nilitia saini mezani kwa matroni. Jioni niliwaambia watoto. Walilia wote watatu, Wakili kuliko wenzake, na mimi nililia nao, na sikumwomba mtu yeyote ruhusa.