Siku Mama Alipovuka Daraja la Mawe

Daraja la zamani la mawe pale mjini Mbulu lilifungwa miaka mingi, tangu lilipojengwa lile jipya la zege. Mwaka mji ulipoandaa tamasha likakarabatiwa, tukatangaziwa kwamba litafunguliwa kwa waenda kwa miguu tu. Mama aliposikia akaniambia, "Nipeleke. Lile daraja ninalijua kabla halijaitwa daraja."

Alikuwa msichana wakati linajengwa. Yeye na wenzake wa Endagikot walisomba mawe kutoka korongoni, kichwani, juu ya ngata za majani. Wanaume walijenga, wakasifiwa. Wasichana waliambiwa wakakamue ng'ombe.

Tulifika asubuhi, ukungu haujapanda. Watu walijaa: wakulima na watoto wao, wafugaji waliotoka Hirbadaw na rubega zao, vijana wanapiga picha kwa simu. Mshereheshaji, binti mdogo, akauliza kwenye kipaza sauti kama yupo aliyeshiriki ujenzi. Nilimgusa mama begani, naye akanyoosha fimbo yake juu.

Binti alishuka jukwaani mbio. "Shikamoo, bibi. Ulikuwa unapika hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nabeba mawe."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana mama hakucheka. Binti naye hakucheka. Akamwomba atangulie mbele ya wote, mbele hata ya wageni wa meza kuu. Akaletewa kiti cha magurudumu. Mama akakisukuma pembeni kwa fimbo.

Alitembea taratibu, mimi nyuma yake nimetanua mikono asije akaanguka. Katikati alisimama. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anapapasa ukingo, jiwe kwa jiwe, kama anayekagua ndama mnadani.

"Mama, tuendelee, watu wanasubiri."

"Wasubiri. Sisi tulisubiri zaidi."

Wanawake nyuma yetu wakapiga vigelegele. Mzee mmoja mfugaji, asiyetufahamu kabisa, akavua kofia. Nilifundisha shule maisha yangu yote, na nimewahi kupigiwa makofi. Lakini sijawahi kutembea kifua mbele kama nilivyotembea nyuma ya kile kibibi chenye kanga iliyofifia.

Tulipofika ng'ambo, nilimtafutia kivuli na kikombe cha togwa. Alikunywa chote, akajifuta midomo, akaangalia tulikotoka.

"Umeona?" akasema. "Halijatikisika."