Mzigo wa Kwenda kwa Dada Mkubwa

Asifiwe Mungu aliyeniachia pumzi kifuani na ulimi kinywani, ingawa meno yanayouzunguka hayatimii tena. Sifa ni zake kwa miguu hii ambayo bado inakubali kunifikisha kanisani asubuhi, na kwa mkono wa shemeki wangu, ulioungana ingawa umepinda. Nikisha kumshukuru, ndipo ninaposimulia.

Mvua za mwaka ule zilikuja na hasira. Ziliangusha nguzo za umeme huku mtaani kwetu Shituru, zikala barabara, kisha zikang'oa daraja la magogo lililounganisha Likasi na vijiji vya wachoma makaa ng'ambo ya vilima. Katika kijiji kimojawapo aliishi dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufa. Habari zake zilitufikia kwa simu ya jirani yake aliyepanda mlima kutafuta mtandao: dada hali chakula tena, na anaomba Komunyo kabla hajafa. Haombi daktari. Haombi nguo ya kuzikiwa. Anaomba Komunyo tu.

Padri wetu alikuwa kitandani, magoti yamemvimba, hawezi kutembea zaidi ya kutoka chumbani hadi altareni. Mimi ni katekista tangu ujana wangu, nina ruhusa ya kuwapelekea wagonjwa Mwili wa Bwana. Tukapatana kwamba kesho yake baada ya Misa atanikabidhi Hostia, nami niondoke palepale. Pikipiki hazikuweza kupita. Ilibaki njia ya miguu, porini na vilimani, na kulala mara moja katikati.

Shemeki wangu, mdogo wa mke wangu, alikataa niende peke yangu. Alikuwa mchomeleaji vyuma kiwandani hadi alipostaafu, na hata sokoni haendi bila bisibisi mfukoni. Alasiri ile alikuja akamwaga vitu vyake juu ya meza yetu ya kulia: tochi ya kufunga kichwani, nyundo, koleo fupi, kofia ngumu ya kiwandani, kamba, turubai, sufuria kubwa na ndogo, panga. Mke wangu akasimama mbele ya rundo lile, mikono kiunoni.

"Weye unaenda mu pori, ao unaenda kufungua atelye ya kuchomea vyuma?"

"Yaya, mu pori hakuna duka." Humwita yaya kwa kuwa ni dada yake mkubwa, na humwogopa kwa sababu hiyohiyo.

"Na hii nyundo, ya kupiga nani?"

"Ya kupigilia vijiti vya turubai. Mvua ikinyesha utaona bwana yako atalala wapi."

"Mawe hakuna mu pori? Mungu aliumba mawe mbele ya kuumba weye."

Akaitupa nyundo chini. Saruji ya sebule ilimeguka, na hadi leo pale mahali pana kishimo. Baada ya nyundo zikafuata tochi, koleo na kofia. Hakuwa anatania. Kwetu, mwanamume anayeonekana vilimani na koleo na tochi ya kichwani ni mchimbaji madini wa wizi, na walinzi wanaolinda vile vilima kwa ajili ya matajiri wasioonekana hupiga kwanza, maswali baadaye. Majuma machache kabla ya hapo, jirani yetu mmoja alirudishwa mtaani juu ya baiskeli, amefungwa kamba asianguke. Uso wake ulikuwa umevimba hata mke wake akamtambua kwa viatu.

"Muchukue vitu vya mutu anaenda kuona mugonjwa," mke wangu akasema. "Mutu akifungua mufuko yenu, aone mugonjwa ndani."

Maneno yale yakawa sheria. Kila kitu kilipita mbele ya macho yake kama mtu anayepita mbele ya hakimu. Unga wa bukari, yaani ugali wetu, karanga, chumvi na samaki wakavu vilipita. Sufuria ndogo ilipita, kubwa ikarudi jikoni. Blanketi moja kwa watu wawili. Turubai lilipita baada ya ugomvi. Panga nalo lilipita, kwa kuwa hata mwanamke aendaye kutafuta kuni hubeba panga. Bidoni ya plastiki kwa ajili ya maji. Mwishowe akaongeza kitenge chake cha zamani, kilichofifia rangi.

Shemeki akacheka. "Na hii tutamuvalisha nani?"

"Utavaa weye, siku utachoka kuwa mwanaume."

Ili mvua isiharibu unga, akavitia vyote katika gunia jeupe la plastiki na kulifunga kwa kamba. Magunia yale yamo katika kila nyumba ya Likasi. Tunatilia makaa, tunazibia dirisha lililovunjika kioo, tunapangusia miguu mlangoni. Yamejaa hata macho yetu yamechoka kuyaona. Mke wangu alilikung'uta mara moja uani, akaridhika, nasi tukaridhika.

Kesho yake padri alitoka altareni akiwa ameshikilia ukuta, akanivika shingoni mfuko mdogo wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cha chuma cheupe, chenye bawaba, cha kutosha kiganjani, na ndani ya kisanduku Hostia moja. Tukaondoka.

Siku ya kwanza ilitupiga mvua tu. Tulilala chini ya turubai, shemeki akipigilia vijiti kwa jiwe na kumlaani dada yake kwa kila pigo. Asubuhi ya pili tulikuwa tunazunguka kilima kimoja kilichochimbwa zamani, walipotoka walinzi majanini.

Walikuwa vijana wenye rungu, na mmoja wao, ambaye wenzake walimwita shefu, alikuwa na bunduki. Pigo la kwanza lilitangulia neno la kwanza. Lilimpata shemeki begani, akapiga magoti.

"Iko wapi?"

"Nini?" nikauliza.

"Unajua nini!"

Wakakata kamba ya gunia na kulimwaga. Unga ulianguka matopeni, karanga zikatawanyika chini ya buti zao. Walitingisha blanketi, wakachungulia sufuria, wakakitupa kitenge kando. Shefu akatema mate. Nikaona amekata tamaa, nikamshukuru Mungu moyoni kwa akili za mke wangu. Ndipo mmoja wao akaligeuza gunia nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa chini. Kidole kikatoka cheusi.

"Na hii? Iko pilipili?"

Lilikuwa vumbi la kobalti. Gunia lilibeba mawe zamani, kabla halijafika kwetu, na vumbi lilijificha mshononi.

"Ni gunia ya nyumba tu," shemeki akasema. "Kila nyumba iko nayo!"

"Mawe ya kwanza mulishauzisha. Sasa munarudia ingine."

Baada ya hapo hawakuuliza tena. Nimezika watu wengi na nimewaona wengi walioumizwa kiwandani, lakini sikujua kwamba mwili wa mtu unapopigwa hutoa sauti kama mkeka unaokung'utwa vumbi. Walimpiga shemeki mgongoni, na alipoinua mkono kukinga kichwa, wakaupiga mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mimi nilipigwa mdomoni, nikahisi jino limelala juu ya ulimi kama punje ya hindi. Na shemeki, akiwa chini, uso topeni, bado alipaza sauti: "Huyu ni muzee ya kanisa! Mupige miye, niko na mafuta mu mwili!"

"Kanisa gani inachimba kobalti?" mmoja akajibu, wenzake wakacheka, rungu zikaendelea.

Kisha shefu akaona kamba shingoni mwangu.

"Toa ile."

"Ni Mwili wa Bwana. Ninampelekea dada yangu. Anakufa."

"Ni sampuli hiyo, shefu," mwingine akasema. "Wanazifichaga mu vikopo vya vile."

Shefu akanitia mtutu wa bunduki chini ya kidevu. Nilitoa kisanduku. Niliangalia unga ule chini, alama za buti zimekwisha kuuchanganya na tope, nikajua Yeye naye angelala pale. Kanisa limetufundisha la kufanya katika hatari ya namna hiyo: aliyembeba amle. Lakini nikimla, dada yangu atakufa bila kile alichokiomba. Kulikuwa na Hostia moja tu, na midomo miwili.

Nikafungua nikala. Nilimla pamoja na damu yangu, na mkono wangu, kwa mazoea, ukakifunga kisanduku. Rungu likaupiga mkono, kisanduku kikarukia majanini.

"Amemeza! Tema!"

Vidole vya shefu viliingia mdomoni mwangu, vikatafuta hadi kooni. Alipokosa kitu akanipiga teke la tumbo ili nitapike, akanipiga tena, kisha tena. Sikuomba niokoke. Niliomba jambo moja, kwamba tumbo langu lisimrudishe Bwana topeni. Halikumrudisha.

Aliyetuokoa alikuwa mmoja wao, kijana mwembamba aliyesimama nyuma ya wenzake. "Shefu, muache. Mama yangu pia anakulaga ile. Ni mukate tu ya Bakatoliki."

Shefu akajipangusa vidole kwenye shati langu. Wakachukua panga, blanketi, turubai, sufuria, simu, viatu, hata gunia lenyewe. Waliacha bidoni, waliacha kitenge kwa kuwa ni nguo ya mwanamke, wakatuacha na sisi.

Nilitambaa majanini hadi nikakiona kisanduku. Kilikuwa kimebonyea lakini kimefungika. Kisha nikamfunga shemeki mkono kwa kitenge, fundo shingoni. Alikuwa analia, na katikati ya kulia akacheka. "Yaya alisema nitavaa."

Baadaye akaniambia, "Turudi, shemeki. Kisanduku iko bule, hamuna kitu. Tunaenda kumupa nini?"

"Sijui," nikamwambia. Ndiyo kweli yote niliyokuwa nayo. Tukaendelea mbele, miguu mitupu.

Dada alikuwa amelala juu ya mkeka karibu na mlango, mdogo kuliko nilivyomwacha. Aliniangalia mdomo, akamwangalia shemeki mkono.

"Wamekupiga."

"Wamenipiga, yaya."

"Uliniletea?"

Nikamweleza yote, bila kuficha, nimepiga magoti. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, na kila shoka lilipotua nilishtuka. Hatimaye akanyoosha mkono.

"Fungua nione. Weye tangu mutoto ulikuwa wa kuacha makombo. Sufuria ya bukari ilikuwa inabaki nusu."

Nikafungua. Macho yake yalikuwa hafifu, kwa hiyo niliangalia mimi. Pale kwenye bawaba, chuma kilipojikunja, palikuwa na chembe nyeupe, ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Nayo ilikuwa Yeye mzima, kama tulivyofundishwa. Kidole changu kilikuwa kimevimba, kisingeweza kuitoa. Nikamimina maji kidogo ya bidoni ndani ya kisanduku, nikakitikisa polepole, tukasali Baba Yetu. Shemeki alimwinua kichwa kwa mkono wake mzima, nami nikamnywesha. Alikunywa yote. Akalamba midomo yake, akasema, "Asante," wala sikujua ananiambia mimi au Yeye.

Alifariki kesho yake, jua likiwa limepanda.

Tuliporudi Likasi, padri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nilikisuuza kisanduku mara ya pili, isibaki chembe, na maji yale nikayanywa mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Akafumba macho, akanibariki. Mke wangu aliposikia habari ya vumbi la mshononi aliinuka. Alikusanya magunia yote ya nyumba, hata lile la dirishani, akayachoma uani, na usiku ule mvua ikaingia hadi kwenye meza.

Wewe unayesoma, Bwana akufungie mzigo wako kwa mkono wake, na apitishe kidole katika mishono ambayo macho yako yamechoka kuiona. Na kama njiani utanyang'anywa vyote, akuachie chembe moja, na maji ya kuinywea, na mtu wa kukuinua kichwa. Amina.