Shangazi Aliwashangaa Watu wa Kwenye Sinema

Admin, naomba unifichie jina. Wanaonijua wakinitambua basi, nimechoka. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, naishi Bukoba, Miembeni. Nina mtoto mmoja wa kike, yuko chuo. Naishi pia na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufa. Sasa amezeeka, miguu imekataa, na ukoo umeamua akae kwangu mpaka Mungu atakapomchukua. Hawakuniuliza. Baba mdogo alinipigia simu tu, "Wewe ndiye mtoto wake, tumpeleke kwa nani mwingine?"

Jumapili iliyopita mwanangu alileta sinema kwenye flashi. Akasema, "Mama, hii si ya mapenzi, tulia uione." Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile. Ni jiji la miaka mingi ijayo, jua limezimika, watu wamevaa vinyago vya bati, damu kila mahali, na kila kitu wanaimba. Daktari anampasua mtu huku anaimba. Mtoto anaomba chakula kwa kuimba. Mwanzoni nilicheka, nikasema Wazungu wamekosa kazi. Shangazi naye alikuwa kwenye kochi lake na blanketi miguuni, mwanangu akimfafanulia.

Ikafika sehemu ya ugonjwa. Katika lile jiji, nyumba ikijulikana ina mgonjwa inachomwa moto. Kwa hiyo mgonjwa wanamficha ndani ya ukuta, kwenye sanduku la chuma. Akigonga kuomba maji, familia nzima inasimama na kuimba kwa nguvu ili majirani wasisikie. Kuna mama alikuwa anagonga, na watoto wake wanaimba na kucheza mbele ya ule ukuta.

Shangazi akasonya. Akasema, "Hawa watu hawana Mungu kabisa. Mtu anaomba maji, wao wanaimba?"

Nikainuka, nikajifanya naenda kuangalia ndizi jikoni. Sufuria nikaifunua na kuifunika mara tatu bila kuangalia ndani.

Ngoja niwaeleze. Kwetu ni Muleba, upande wa Kamachumu. Vita na Uganda vilipoisha, baba alikuwa anavuka kwenda Uganda kufuata bidhaa, kama vijana wengi wa wakati ule. Alirudi na pesa, baadaye akarudi amekonda. Huu mnaouita ukimwi sisi tuliuita Juliana, jina la vitambaa walivyokuwa wanaleta hao hao wafanyabiashara. Baba akafa, mama akabaki naye amekwisha. Na wakati huo huo binti wa shangazi alikuwa ameposwa na familia nzuri ya kule Rubya. Ikijulikana nyumba ina Juliana, posa inakufa.

Shangazi, tuliyekuwa tunaishi naye, akamhamishia mama chumba cha nyuma, tulichokuwa tunawekea kahawa. Watu wakaambiwa amekwenda kwao kutibiwa. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, nikafundishwa kujibu hivyo hivyo. Jioni majirani walikuja kusali rozari kwetu, na mama kule nyuma akisikia sauti za watu alikuwa anaita. "Amaizi." Maji. Alikuwa anapewa kwa kibuyu kinachosukumwa na fimbo, tena pale mtu anapokumbuka, maana waliamini hata kugusa chombo chake ni kufa. Akiita tu, shangazi anaanzisha wimbo wa Bikira Maria. Alikuwa na sauti huyu shangazi, parokia nzima ilimjua. Ananishika bega, "Imba, omwana wange, imba kwa nguvu." Majirani wakawa wanasema ile nyumba ina imani.

Jioni moja tulisali rozari mpaka mwisho na hakuna aliyeita. Mimi nilifurahi, nikajua mama ameanza kupona. Kesho yake watu wakaambiwa alikuwa anarudishwa kutoka kwao mahututi, akafia njiani. Harusi ya Rubya ilifanyika. Nilishonewa gauni jipya.

Na nisimsingizie. Huyu huyu ndiye aliyeuza kahawa yake nikapata sare na ada. Nilipojifungua ndiye aliyenikanda. Ndiyo maana sijawahi kumuuliza chochote maisha yangu yote.

Siku ile ya sinema nikarudi sebuleni, nikamuuliza taratibu, "Shangazi, chumba cha kahawa unakikumbuka?"

"Chumba gani?"

"Alichokuwamo mama."

Akaniangalia bila hata kupepesa macho. "Mama yako nilimuuguza kwa mikono yangu hii. Nilimwimbia mpaka siku yake ya mwisho."

Mwanangu akamkumbatia. Akamwambia, "Bibi, una moyo wa ajabu." Halafu akanigeukia mimi, eti na mimi nijifunze uvumilivu kwa bibi.

Nikisema mbele ya ukoo, wataona natafuta sababu ya kumtupa mzee, na mwanangu hatamwangalia tena bibi yake kwa jicho lile. Nikinyamaza, namwosha na kumlisha mtu aliyeniimbisha huku mama yangu anakufa na kiu, naye anasifiwa ndani ya nyumba yangu. Sijui kama ananidanganya au kweli ndivyo anavyokumbuka. Sijui hata lipi kati ya hayo linaniuma zaidi.

Nawaandikia nikiwa jikoni, mchana huu, mwanangu amerudi chuo. Shangazi ananiita kutoka chumbani, anataka maji. Redio iko hapa pembeni yangu, kuna kwaya inaimba, na sasa hivi nimejikuta nimeiongeza sauti. Jamani, nisemeni, nitukaneni, lakini mniambie nifanye nini na huyu shangazi, kabla sijazoea.