Siku Nilijenga Mulima kwa Resto ya Mataifa

Kuko karesto kamoja hapa Gisenyi, karibu na ziwa, wanakaita resto ya mataifa yote. Uongo ya kuchekesha! Kwa ukuta walipaka bendera mupaka ukuta ikachoka, lakini mupishi iko mumoja tu, mutu wa Kanama, hata Kigali hajafika. Akikaanga viazi anasema ni ya Ubelgiji. Akiviponda ni ya Ufaransa. Akiviunguza, nazani ndio ya Uchina.

Ni kule baba ya kijana mwenye alitaka kuoa binti yangu alichagua tukutane muchana, aniambie kama familia yao itakuja kuposa ao haitakuja. Asubui bibi yangu, mama ya binti, alinionya: "Ule mutu anajiona. Chunga kinywa, mutoto asibakie nyumbani juu ya mizaha yako."

Nikachunga. Jamaa akafika na tai ya kufika magoti, akashika karatasi ya vyakula kama mutu anasoma hukumu, akaagiza kitu ya Italia. Mi nikaona kwa kona sufuria za melanji, vyakula vya kuchanganya, ile yenye unajipakulia mara moja tu, kurudia hakuna. Bon, kupakua mara moja ni kazi ya masoni, na mi ni masoni, najenga nyumba za watu tangu ujana. Nikaweka musingi ya ndizi, viazi nikapanga kama matofali, maharage ikakamata kama simenti, wali, majani ya sombe, makaroni, na nyama juu kabisa, kama paa. Nikirudi kwa meza, watu wa Goma waliiona ile sahani bila kuvuka mupaka.

"Eh, muzee!" akasema, anaangalia meza za jirani. "Mutu wa heshima anakula hivi? Na binti yako atakula vile kwa mutoto wangu?"

"Yeye anakula zaidi."

Nikakumbuka bibi, lakini nilikuwa nimechelewa. Jamaa akaangalia mulango. Nikaona harusi inatoka mulango kwa miguu yake.

Donc, sahani yake ikaletwa. Kubwa kama parabole ya televisheni, na katikati kamukate kamoja, samaki ndogo mbili za sambaza zimelala juu yake kama wagonjwa, na jani. Italia nzima ni ile! Akaikata vipande nane kwa kisu. Akaimaliza mbele mi nitoke kwa ghorofa ya juu ya sahani yangu. Akakula na jani.

Halafu macho yake ikakuja kwa mulima yangu, polepole.

"Muzee... ile ndizi ya chini, utaimaliza?"

"Ile ni musingi. Ukiitoa, nyumba inaanguka."

"Basi kiazi moja tu."

"Hii sahani ni ya familia. We ni nani kwangu?"

Akameza mate, tai ikapanda, ikashuka.

"Bamwana," akasema. Ni vile wazazi tunaitana, watoto wetu wakioana. "Tutakuja kuposa. Jumamosi. Sasa nipe ndizi."

Nikamusukumia sahani, tukakula wote, yeye upande wa Goma, mi upande wa Gisenyi. Lakini nyama nilibakisha kwangu. Mutu mwenye anaagiza jani, hata akikuwa ndugu, huwezi kumuachia nyama.