Kijiwe cha Kambini

Basi limesimama Mombo, na mama mmoja amepanda na kamba mpya ya mkonge, akaketi pembeni yangu. Harufu ya kamba ile imenirudisha shuleni.

Mwalimu alichora wilaya yetu mchangani kwa kijiti: mto Pangani huku, milima ya Usambara kule. Kila mtoto aliweka kijiwe mahali pa kijiji chao. Zamu yangu ilipofika, nilibaki na kijiwe mkononi.

“Kwenu wapi?”

“Kambini, mwalimu.”

“Kambi ya mkonge si kijiji. Babu yako alitoka wapi?”

Babu alikuja kukata mkonge akitokea mbali, na hata baba hakuwahi kufika huko.

“Mbali,” nikasema.

“Basi weka nje ya mstari wa wilaya.”

Nikaweka. Wenzangu walipokwenda kunywa uji, nikakirudisha ndani, kando ya mto, nikakikandamiza kwa kidole gumba. Tulipokusanyika tena nilikikuta nje, na kishimo chake kimefukiwa vizuri.

“Mwanangu, kwenu ni huku huku?” mama wa kamba ananiuliza.

“Hapana, mama,” namjibu. “Napita tu.”