Siku Ndege Ilipopangiwa Kutua Choo cha Nje

Baba mdogo alivaa miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta, akasoma kwa sauti:

"Choo... cha... nje."

Akageuka kumtazama shemeji yangu. "Mkwe, uwanja wa ndege una choo cha nje?"

Jamani, sikucheka. Niliuma ulimi mpaka machozi yakanitoka.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Shemeji yangu, mume wa dada ninayeishi kwake, alikuwa anakusanya ushuru wa maegesho ya magari pale uwanja wa ndege. Kazi halali, safi kabisa. Yeye akaiona ya aibu. Alipopunguzwa kazini, badala ya kusema amepunguzwa, akautangazia ukoo mzima kwamba amepandishwa cheo.

Eti sasa ni mwongoza ndege. Eti mnara wa kuongozea ndege umejaa, kwa hiyo wakubwa wamemruhusu afanyie kazi nyumbani.

Nyumbani! Kwenye chumba cha kupigia pasi!

Na watu wazima wenye ndevu zao wakaamini.

Alichokuwa nacho ni mchezo tu. Programu ya rada unayoishusha mtandaoni. Watu huku na huko wanarusha ndege za kuigiza kwenye kompyuta zao, wewe unaziona kama vidoti, unaongea nao kwenye hedifoni, unawapangia nani atue kwanza. Mchezo mtamu, sikatai. Mimi mwenyewe naucheza.

Ila yeye alikuwa anaucheza amevaa tai.

Alitaka tumwite Kamanda. Ukimwita akale, anainua kidole bila hata kukutazama, yuko kazini. Dada yangu ni mfamasia. Anasimama kaunta kutwa, ndiye anayelisha nyumba, anarudi miguu imevimba, halafu anainuliwa kidole na mtu anayeongoza vidoti!

Mwanzoni nilikuwa namdharau na kumwonea huruma. Huruma ikaisha, ikabaki dharau tupu.

Na huo mchezo wenyewe hakuujua. Rada ile bila ramani ni kioo cheusi. Ramani zinakuja kama mafaili: hili lina pwani, hili mipaka ya anga, hili njia za kurukia na majina yake. Zikitoka mpya, unaziweka za zamani pembeni, unaielekeza programu kwenye folda mpya. Basi, umemaliza.

Kamanda alikuwa anarundika zote mahali pamoja. Nilifungua kompyuta yake nikakuta "ramani mpya", "ramani mpya kweli" na "ramani mpya usiguse". Ndani ya "usiguse" kulikuwa na picha za harusi yake.

"Shemeji, zipange hizi. Utaongoza watu kwa ramani ya zamani."

"Usinifundishe kazi. Nipangie tu wewe."

Ikawa mimi ndiye mtunza ramani wa Kamanda. Kila zikibadilika naitwa, napanga, namweleza upya, anaitikia kwa kuguna kama mfalme.

Sasa sikia. Baba mdogo akapiga simu: Jumamosi anakuja na binti yake. Binti alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na Kamanda, kwa kupenda sifa, alishamwahidi kumwingiza mnarani. Binti wa watu tayari alikuwa amefungasha virago hosteli, chuo anakiacha.

Nikamsikia dada chumbani akimsihi.

"Mume wangu, hapa sasa unamharibia mtoto maisha. Sema ukweli kabla hawajafika."

"Nitajua cha kufanya. Wewe nyamaza, si umenyamaza siku zote?"

Dada akanyamaza. Siwafichi, hapo nilimdharau hata yeye.

Jumamosi asubuhi nilipanga ramani mpya mwenyewe, nikaijaribu rada, ikakaa sawa. Wageni wakaja mchana, wakala, wakapewa viti kwenye chumba cha pasi. Kamanda akakaza tai, akawasha, akaanza kuhutubia akiwa ameipa kompyuta mgongo.

"Huu ndio uwanja wetu. Kila kinachotua, kinatua kwa idhini yangu."

Ndipo baba mdogo akasoma kile alichosoma.

Nikatazama kioo. Ile ramani naijua! Niliichora mimi kwenye kompyuta hiyo hiyo wakati najifunza. Nilichora nyumba yetu, nikaitanua iwe kubwa, nikaibandika mahali pa uwanja. Jiko, kamba ya nguo, banda la kuku. Njia ya kurukia ilikuwa inaishia chooni.

Kamanda akageuka, akaona, akashika tai.

"Hayo ni majina ya siri, baba. Kwa ajili ya usalama."

"Na hili banda la kuku?"

"Hapo... zinapumzika ndege ndogo ndogo."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa taratibu. Aisee, alikuwa anaelekea kuamini!

Kamanda, akihangaika kuizima rada, akachomoa waya wa hedifoni kwa bahati mbaya. Sauti ya mwanamume ikajaa chumbani:

"Kamanda, naomba niisimamishe ndege hapa hapa angani. Maji yametoka huku kwetu, nikakinge mara moja."

"Rubani anakwenda kukinga maji?" akauliza baba mdogo.

"Na abiria je?" akauliza binti.

Kamanda akanirukia mimi. "Wewe! Umenichezea ramani! Umenidhalilisha mbele ya wakwe!"

Nikafungua mdomo kujitetea.

"Mwache. Ni mimi."

Dada alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakupandisha sauti.

"Huyu anakufundisha kila siku, ramani unatoaje, unawekaje. Wewe husikilizi. Mimi nilikuwa napiga pasi mashati yako hapo hapo, nikasikiliza. Nilikuomba useme mwenyewe, ukakataa. Nikaona basi, niwawekee ile ya nyumba yetu, wajisomee."

Akamgeukia binti. "Mdogo wangu, hakuna mnara. Hakuna kazi. Rudi chuo."

Baba mdogo akavua miwani. "Mkwe, ushuru wa magari una ubaya gani? Ningekuheshimu."

Unadhani aliomba radhi? Thubutu. Alisema mke amemkosea adabu, akaenda kukaa kwa mama yake. Mama yake akamchoka, akarudi kimya kimya. Siku hizi yuko ghalani, anapakia mizigo. Dada kampokea. Mimi namsalimia tu.

Binti ni muuguzi sasa, na anapendwa na wagonjwa wake.

Ninachowaambia ni hiki: cheza unachotaka, jiite jina unalotaka, chumbani kwako. Ila siku unapomwambia mtoto wa mtu aache yake akufuate kwenye uongo wako, wewe si mcheshi wala si mwenye ndoto. Wewe ni mwizi. Na wewe unayemwona mtu kanyamaza ukadhani ni bwege, kama nilivyodhani mimi, angalia vizuri. Huenda anajifunza.